Intaneti ya Nyumbani kwa Bei Nafuu Marekani: Maswali ya Familia Zetu

Ukurasa huu ni wa familia zinazozungumza Kiswahili hapa Marekani: waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, na waliotoka moja kwa moja Bujumbura, Mombasa au Dar es Salaam, ambao leo wanakaa Louisville, Dayton, Des Moines, Boise, Portland ya Maine, Buffalo na kwingineko. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiketi nao mezani kusoma bili na kujaza fomu, na maswali hunirudia yale yale. Nimejibu kwa kirefu pale panapowatesa watu. Bei za kampuni hubadilika, kwa hiyo ukipiga simu taja jina la mpango kwanza, bei iache waitaje wao.

Ule msaada wa dola 30 kwa mwezi uliishia wapi?

Umekwisha. Uliitwa Affordable Connectivity Program, ACP. Ulichukua nafasi ya msaada wa dharura wa dola 50 ulioanza Mei 2021 wakati wa korona. Bunge liliutengea dola bilioni 14.2, na kaya zaidi ya milioni 23 zilijiandikisha. Fedha zilipokaribia kwisha, maombi mapya yalifungwa tarehe 7 Februari 2024. Aprili ukawa mwezi wa mwisho wa punguzo kamili, na tarehe 1 Juni 2024 mpango ukafungwa. Bunge halikuongeza hata senti.

Kilichoumiza wengi ni kwamba intaneti yao haikukatika. Iliendelea kuwaka kama kawaida, bili ndiyo iliyopanda. Mama mmoja aliniletea mfuko wa plastiki wenye bahasha saba ambazo hazijafunguliwa. "Mwanangu, hizi si matangazo?" Hazikuwa matangazo. Alikuwa amezoea kulipa sifuri, na kampuni ilikuwa ikikata pesa kwenye kadi yake ya benki kila mwezi tangu Juni, kifurushi kikubwa ambacho asingekichagua kamwe kama angejua atakilipia mwenyewe. Tulipiga simu tukashusha kifurushi siku ile ile. Miezi saba iliyopita hakurudishiwa.

Kama ulikuwa kwenye ACP na hujawahi kupiga simu tangu wakati huo, anzia hapo. Fungua bili ya mwezi huu, uangalie jina la kifurushi na jumla unayolipa. Na mtu yeyote anayekupigia leo akisema anakuandikisha ACP anataka kukuibia. Mkatie simu.

Serikali imebakiza msaada gani?

Umebaki mmoja wa nchi nzima, nao unaitwa Lifeline. Ni wa zamani: ulianza 1985 kwa ajili ya simu za mezani, ukaja kuingia kwenye simu za mkononi, na mwaka 2016 FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, iliuruhusu kulipia intaneti. Unakupunguzia hadi dola 9.25 kwa mwezi. Wanaoishi kwenye ardhi za makabila ya Wahindi Wekundu hupata hadi dola 34.25.

Dola 9.25 si nyingi, hilo nalijua. Lakini kwa mwaka ni dola 111, na hiyo ni jozi mbili za viatu vya baridi vya watoto. Usiiache mezani kwa sababu tu inaonekana ndogo.

Kumbuka kwamba si kampuni zote zinazopokea Lifeline. Kampuni kubwa yenye waya unaoingia kwenye jengo lako huenda isiipokee kwa intaneti ya nyumbani, huku kampuni ndogo ya simu ikaipokea. Ukipiga simu uliza hivi: "Mnapokea Lifeline kwa intaneti ya nyumbani kwenye anwani yangu?"

Nani anastahili Lifeline?

Unastahili kama wewe, au mtu yeyote wa kaya yako, anapata mojawapo ya hizi: SNAP (msaada wa chakula, ule wa kadi ya EBT), Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), SSI (malipo ya wazee na walemavu wenye kipato kidogo), msaada wa nyumba wa serikali kuu kama Section 8, au pensheni ya wanajeshi wastaafu wenye kipato kidogo. Mtoto mmoja tu akiwa na Medicaid, mlango umefunguka kwa kaya nzima.

Njia ya pili ni kipato. Kiwango ni asilimia 135 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu. Kwa viwango vya 2025, familia ya watu wanne inastahili ikiwa haizidi kama dola 43,400 kwa mwaka, na ya watu sita kama dola 58,200. Angalia hesabu hiyo tena. Baba anayefanya kazi ya kuchinja kuku au kupanga mizigo ghalani, mwenye watoto wanne, mara nyingi yumo ndani, ingawa anajiona "anafanya kazi, kwa hiyo hastahili." Ushahidi ni fomu ya kodi ya mwaka uliopita au stabu za mshahara za miezi mitatu mfululizo.

Njia hii ya kipato imekuwa muhimu zaidi sasa. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa kwenye SNAP wakimbizi ambao bado hawajapata grinikadi. Ukipoteza SNAP hupotezi Lifeline papo hapo, ilimradi una Medicaid au kipato chako ni kidogo. Badilisha tu ushahidi unaotuma.

Tunaishi familia mbili kwenye apatimenti moja. Tunapata punguzo moja au mawili?

Hapa ndipo watu wetu wanakataliwa bila haki, na mara nyingi wanakubali tu na kuondoka. Kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sheria inasema punguzo moja kwa kaya moja. Haisemi moja kwa anwani moja. Kaya, kwa maana ya Lifeline, ni watu wanaoishi pamoja na kuchanga kipato na matumizi. Kwa lugha ya kwetu: wanaokula chungu kimoja na kutoa pesa mfuko mmoja. Mume na mke ni kaya moja siku zote. Watoto walio chini ya miaka 18 wako na wazazi wao. Mtu mzima asiye na kipato, kwa mfano bibi unayemlisha na kumvisha, yumo kwenye kaya yako.

Lakini mdogo wako aliyefika mwezi uliopita na mkewe na mtoto, analala chumba cha pili, ananunua chakula chake kwa EBT yake na kukuchangia kodi ya nyumba? Huyo ni kaya nyingine. Wapangaji wanne vijana waliogawana apatimenti, kila mtu na mshahara wake, ni kaya nne.

Kompyuta ya serikali haijui hayo. Ikiona anwani moja ina ombi la pili, inasimama na kukutaka ujaze fomu ya ziada inayoitwa Household Worksheet. Ina maswali machache ya ndiyo au hapana: mnaishi na mtu mzima mwingine mwenye Lifeline? Mnachanga kipato? Mnachanga matumizi? Ijibu kwa ukweli, maana unaweka sahihi chini ya kiapo. Tatizo ni kwamba tulivyolelewa, ukiulizwa kama unagawana na ndugu yako, jibu la heshima ni "ndiyo, sisi ni kitu kimoja." Nimemwona kaka mmoja akiweka tiki kwenye "ndiyo" kwa sababu tu kusema "hapana" kulimtia aibu mbele ya mkubwa wake aliyeketi pembeni. Fomu haiulizi kama mnapendana. Inauliza nani analipa nini.

Nimeomba mtandaoni, imeandika kwamba haikunitambua. Kwa nini?

Ombi linapitia mfumo unaoitwa National Verifier, unaosimamiwa na USAC, shirika linaloendesha Lifeline kwa niaba ya FCC. Mfumo huo hulinganisha jina lako, tarehe ya kuzaliwa na tarakimu nne za mwisho za Social Security na kumbukumbu za serikali. Kwetu hapo ndipo mambo hukwama. Jina la ukoo limewekwa mahali pa jina la kwanza. Majina matatu yamebanwa yakawa mawili. "Nshimirimana" imepoteza herufi moja kambini na ikaenda hivyo hadi kwenye kadi. Na wengi wetu tulipewa tarehe 1 Januari, kisha kwenye fomu tunaandika ile tarehe ya kweli mama aliyotuambia.

Andika kama kadi ya Social Security ilivyoandika, hata kama imekosea. Kurekebisha kadi ni safari nyingine ya siku nyingine. Mfumo ukikataa bado, usianze ombi jipya. Pakia picha ya hati kwenye ombi lile lile: kadi ya Social Security, leseni ya udereva, au kitambulisho cha jimbo. Piga picha kadi ikiwa mezani chini ya mwanga wa dirisha, pembe zote nne zionekane. Picha iliyopigwa kadi ikiwa mkononi usiku, kidole kikifunika tarakimu, itarudishwa, nawe utapoteza wiki.

Tovuti ni lifelinesupport.org na simu ni 1-800-234-9473. California na Oregon zimekuwa na utaratibu wao wenyewe, kwa hiyo ukikaa huko uliza kwanza kwa namba hiyo. Ukikubaliwa, una siku 90 za kuchagua kampuni. Zikipita, unaomba upya.

Kuna kijana mwenye hema nje ya duka anagawa simu za bure. Nichukue?

Simu ile si ya bure kwa maana unayoifikiria. Inalipwa na Lifeline yako. Ukiweka sahihi kwenye tableti yake, punguzo lako linakwenda kwa kampuni yake, na kwa kuwa ni moja tu kwa kaya, nyumbani huna tena. Mpango wa namna hiyo unatakiwa kukupa angalau GB 4.5 za intaneti kwa mwezi. Kwa mtu anayeishi peke yake na anayehitaji namba ya kupigiwa na mwajiri, zinafaa sana. Kwa familia yenye wanafunzi watatu, video za darasani zitazimaliza kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Na zile simu za bure kabisa zina sharti: usipoitumia siku 30, unapewa taarifa ya siku 15, kisha inakatwa. Kama uliandikishwa bila kuelewa, unaweza kuhamisha punguzo kwenda kampuni nyingine. Piga namba niliyotaja juu uulize Lifeline yako iko kampuni gani. Watu hushangaa kusikia jina ambalo hawajawahi kulisikia.

Kampuni zenyewe zina vifurushi vya watu wenye kipato kidogo?

Ndiyo, na kwa familia nyingi huku ndiko kwenye nafuu kubwa kuliko Lifeline. Shida ni kwamba havimo kwenye mabango. Ukimpigia mtu wa mauzo na kusema "nataka intaneti ya bei rahisi," atakuuzia ofa ya mwaka mmoja inayopanda mwaka wa pili. Lazima uombe kwa jina.

Comcast ina Internet Essentials, iliyoanza 2011 kwa familia za watoto wanaopata chakula cha shuleni, ikapanuliwa kwa wenye SNAP, Medicaid, nyumba za serikali na wengine. Kifurushi cha chini kimekuwa kikitangazwa kwa dola 14.95, na hawaangalii historia yako ya mikopo. AT&T ina Access, dola 30 au chini, bila mkataba na bila ada ya fundi. Inapokea SNAP, chakula cha shuleni, au kipato kisichozidi asilimia 200 ya mstari wa umaskini, kiwango kilicho juu kuliko cha Lifeline. Spectrum ina Internet Assist. Cox ina Connect2Compete kwa nyumba zenye mwanafunzi. Nyumba moja kwa kawaida hufikiwa na kampuni moja au mbili tu kati ya hizi, kwa hiyo muulize jirani waya wake ni wa nani.

Kuhusu chakula cha shuleni: shule nyingi za mitaa tunayokaa huwalisha watoto wote bure, kwa hiyo hukujaza fomu yoyote na huna barua. Nenda ofisi ya shule uombe barua inayosema mtoto anasoma hapo na shule imo kwenye mpango wa chakula wa serikali. Karani huiandika kwa dakika tano. Ukiwa hapo uliza pia kuhusu Project 10Million ya T-Mobile, ambayo tangu 2020 imekuwa ikitoa vifaa vya intaneti kwa wanafunzi kupitia shule.

Nakaa jimbo la New York. Kuna tofauti?

Kubwa. Jimbo lina sheria inayozilazimisha kampuni kuwauzia wenye kipato kidogo intaneti kwa dola 15 ikiwa na kasi ya megabiti 25 kwa sekunde, au dola 20 ikiwa na megabiti 200, kodi na kifaa vikiwa ndani ya bei hiyo. Ilipitishwa 2021, kampuni zikaenda mahakamani, Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi yao Desemba 2024, na Januari 2025 ikaanza kutumika. AT&T iliamua kuacha kuuza intaneti yake ya nyumbani isiyo na waya katika jimbo hilo kuliko kuitii. Ninyi wa Buffalo, Rochester, Syracuse na Utica, msilipe dola 70 wakati sheria iko upande wenu. Natamani kila jimbo lingeiga.

Tunahitaji kasi gani?

Tangu Machi 2024, FCC inaita intaneti "ya kasi" ikifika megabiti 100 za kushusha na 20 za kupandisha. Nyumba ya watu sita, wawili wakisoma, mmoja akitazama mpira na mama akiongea kwa video na dada yake aliye Nakivale, hiyo inatosha. Hamhitaji gigabiti.

Wakati mwingine kasi mnayo, ila ruta, kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi, imewekwa vibaya. Nyumba moja ilikuwa inalipia megabiti 300 na mtoto alikuwa akifanya kazi ya shule ameketi kwenye ngazi za nje. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la jikoni, nyuma ya masufuria, ili watoto wadogo wasiiguse. Tuliipandisha juu ya rafu sebuleni, kijana akarudi chumbani kwake.

Bili niisomeje?

Kabla ya kununua, omba kuona lebo ya Broadband Facts. Tangu Aprili 2024 kampuni kubwa zinatakiwa kuionyesha: ni kisanduku kinachofanana na kile cha virutubisho nyuma ya pakiti ya chakula, chenye bei ya mwezi, kama bei hiyo ni ya muda, ada na kasi. Tafuta mstari unaosema bei ya ofa inaisha lini. Uandike kwenye kalenda ya ukutani.

Ukishapata bili, tafuta ada ya kukodi modemu (kifaa kinacholeta intaneti nyumbani) au ruta. Mara nyingi ni dola 10 hadi 15 kwa mwezi. Kama ruta ni yako mwenyewe uliyonunua, sheria ya shirikisho ya 2019 inakataza kampuni kukutoza kodi ya kifaa ambacho haikukupa.

Na ukihama, rudisha kifaa chao. Hakuna deni linalowafuata watu wetu kama hili. Familia inahama Ijumaa usiku kwa gari la kuazima, boksi jeusi linaachwa ukutani kwa sababu "ni la nyumba." Miezi mitatu baadaye kampuni ya kudai madeni inapiga simu. Lipeleke dukani kwao mwenyewe, omba risiti yenye namba ya kifaa, ipige picha, na ujitumie picha hiyo kwa WhatsApp ili isipotee hata simu ikiharibika. Mimi mwenyewe nilidaiwa kifaa nilichokirudisha, na ni ile picha tu iliyoninusuru.

Wamesema anwani yetu ina deni, na sisi tumehamia juzi.

Deni ni la mpangaji aliyetangulia. Usilipe. Nenda na mkataba wa kupanga unaoonyesha tarehe mliyoingia, na uombe wafungue akaunti mpya kwa jina lako. Wa kwanza akikataa, omba kuongea na msimamizi. Unaweza kuomba mkalimani wako awe kwenye simu; sema kwa sauti yako kwamba umemruhusu.

Nikipokea msaada huu, utaharibu maombi yangu ya grinikadi?

Kwa mkimbizi na kwa aliyepewa hifadhi, kanuni ya kuwa "mzigo kwa umma" haimhusu anapoomba grinikadi. Sheria yenyewe imemtoa. Vifurushi vya kampuni kama Internet Essentials ni bei ya biashara, si msaada wa serikali. Kama uliingia kwa viza ya familia au njia nyingine, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla, si jirani.

Intaneti tumepata, kompyuta hatuna.

PCs for People huuza kompyuta zilizokarabatiwa kwa bei ndogo kwa wenye kipato kidogo. Unaweka ushahidi ule ule wa SNAP au Medicaid. Maktaba nayo ina kompyuta, printa, na Wi-Fi ambayo mara nyingi hufika hadi maegesho baada ya mlango kufungwa. Baadhi huazima vifaa vya intaneti vya kubeba, kama unavyoazima kitabu. Septemba 2025 FCC ilipiga kura kuondoa fedha za vifaa hivyo, kwa hiyo huenda foleni ikawa ndefu. Weka jina lako mapema.

Nilikuwa na Lifeline na imekatwa bila sababu. Nini kimetokea?

Karibu kila mara ni barua ya mwaka. Mara moja kwa mwaka USAC huhakikisha kama bado unastahili. Ikishindwa kuthibitisha yenyewe, hukutumia barua ya Kiingereza na kukupa siku 60 za kujibu. Bahasha ni nyeupe, nyembamba, na hufika pamoja na matangazo ya piza. Ukihama bila kubadilisha anwani, haifiki kabisa.

Angalia ulikubaliwa mwezi gani. Kuanzia miezi kadhaa kabla ya mwezi huo kila mwaka, usitupe bahasha yoyote yenye neno Lifeline au USAC. Kama siku 60 zimeshapita, omba upya leo kwa hati zile zile. Kukatwa hakukuzuii kurudi.